Udalali wa Mtandaoni (Afilieti): Hukumu Yake, na Namna ya Kuujaribu Kabla ya Kutia Mtaji

SWALI: Mwanangu amemaliza chuo, bado hajapata kazi. Anataka niuze bangili zangu za dhahabu alipie kozi na tovuti ya biashara inayoitwa afilieti, na anasema pesa itarudi ndani ya miezi mitatu. Je, kazi hii ni halali? Na tutajuaje kama ina faida kabla hatujauza kitu?

JAWABU: Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Swali hili tunaletewa na wazazi wengi wa Unguja na Pemba, kila mmoja kwa sura yake: mmoja anaombwa bangili, mwingine kiwanja, mwingine akiba ya Hija. Jibu letu kwa ufupi ni kwamba kazi yenyewe inajuzu kwa masharti yake, na bangili zisiuzwe sasa. Maelezo yake ni haya.

Afilieti ni udalali. Kampuni hukupa kiungo chenye alama yako, na mtu akikibonyeza kisha akanunua, hukupa fungu la bei. Huna ghala, huna mzigo, wala hupokei pesa ya mnunuzi. Kwa hivyo lile katazo la Mtume (s.a.w.) kwa Hakim bin Hizam (r.a.), la kuuza mtu asichokuwa nacho, halikuhusu hapa, kwani anayeuza ni kampuni na wewe umeonyesha njia tu. Imam Bukhari ameweka katika Sahihi yake mlango maalumu wa ujira wa dalali, na akataja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuuona na ubaya.

Kwa sura yake, mkataba huu ni ju'ala, yaani ujira uliowekwa kwa atakayeleta jambo lililotajwa. Wanavyuoni wameutolea asili katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), pale ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayekileta chombo cha mfalme kilichopotea (Surat Yusuf, aya ya 72). Wapo wanaouliza: ujira wa asilimia si ujira usiojulikana? Tunaona kwamba bei ikiwa imeandikwa wazi na asilimia imetajwa, ujira umejulikana, na hapabaki la kugombania.

Kuna mambo mawili katika ju'ala ambayo wauza kozi hawayasemi. La kwanza, mfanyakazi hapati kitu mpaka matokeo yapatikane. Aliyemtafuta ngamia aliyepotea siku 20 asimpate hana cha kudai, ingawa amechoka kweli. La pili, katika madhehebu yetu ya Shafi'i mkataba huu haufungi: mfanyakazi anaweza kuacha, na aliyeweka ujira anaweza kubadilisha kwa kazi ya mbele. Mfano wake umeonekana. Amazon, iliyoanza mpango wake wa afilieti mwaka 1996, ilishusha Aprili 2020 kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3. Aliyejenga tovuti yake yote juu ya samani alipoteza zaidi ya nusu ya pato lake kwa tangazo moja, na hakuwa na pa kushitaki. Kazi yenye tabia hii haianzwi kwa mali ambayo familia haiwezi kuikosa, seuze kwa mkopo.

Uwanja wa halali kwanza

Anayeanza huambiwa achague uwanja mmoja, yaani aina moja ya bidhaa na aina moja ya wateja, asiwe muuza kila kitu. Hilo ni sahihi. Tatizo huja akichagua kwa kutazama nani analipa zaidi. Wanaolipa vizuri mno mara nyingi ni kamari, mikopo ya riba na majukwaa ya kubahatisha sarafu, na mwenye kumwongoza mtu kwenye haramu ana sehemu katika dhambi yake. Katazo la kusaidiana katika uovu liko wazi katika Surat al-Maida, aya ya 2. Huo uwanja haupimwi faida. Unaachwa.

Vitabu na kozi za mtandaoni huweza kulipa hata asilimia 75 katika soko la ClickBank, kwa sababu kunakili faili hakuna gharama. Haya si haramu kwa asili yake, ila bidhaa usome mwenyewe kwanza. Kumsifia mtu kitu ambacho hujakiona, au kuandika maoni ya uongo kana kwamba ulikinunua, kunakaribiana sana na najash iliyokatazwa. Na umwambie msomaji waziwazi kwamba unalipwa akinunua. Kampuni nyingi zinalitaka hilo kwa mkataba, na sisi tunalitaka kabla yao.

Ukiambiwa ulipe kiingilio ndipo ustahiki kuleta watu, na malipo yako yatoke kwa hao watu na watakaoletwa nao, hiyo si afilieti. Hayo ndiyo masoko ya ngazi ambayo Lajna ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia iliyaharamisha mwaka 1425 Hijria (2004), kwa riba, gharari na udanganyifu uliomo. Mipango ya afilieti ya kweli kujiunga ni bure. Basi mama muulize mwanao: hizo pesa za kuingia ni za nini?

Tuchukue mfano wa hapa kwetu

Kijana wa Zanzibar anataka kuandika kwa Kiingereza kuhusu ziara za mchana kisiwani: mashamba ya viungo, kima punju wa Jozani, kobe wa Changuu, Mji Mkongwe, msikiti wa Kizimkazi Dimbani wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107). Zipo kampuni za kimataifa zinazouza tiketi za ziara kama hizi, na kadhaa hutoa kamisheni ya karibu asilimia 8. Huu ni uwanja mzuri kwa kijana wetu, kwa sababu mtaji wake mkubwa anao tayari: anapajua. Mwandishi aliyeko Ulaya hawezi kumwambia mgeni avae vipi akifika Kizimkazi au bahari huchafuka miezi gani. Safari za machweo zenye pombe aziache. Mahoteli yanayouza pombe wanavyuoni wana maneno ndani yake. Tunaona ajiepushe nayo, na ziara za mchana zinamtosha kwa jaribio.

Sasa hesabu. Tuseme ziara ni dola 50. Asilimia 8 ni dola 4. Tuseme katika wasomaji 1,000 wa ukurasa, 100 wanabonyeza kiungo, na 2 wananunua. Basi wasomaji 1,000 wamekuletea dola 8. Ikiwa jina la tovuti, kuihifadhi na bando vinakugharimu dola 15 kwa mwezi, unahitaji karibu wasomaji 1,900 kila mwezi ili urudishe gharama tu, na kazi yako mwenyewe bado hujailipa. Hizi si namba za mtu fulani. Ni kipimo cha kuonyesha njia, nawe utie zako.

Tazama tena hesabu hiyo kwa anayenunua matangazo. Kila msomaji akimgharimu senti 20 za dola, wasomaji 500 wanaoleta mauzo mamoja watamgharimu dola 100, naye kamisheni yake ni dola 4. Kozi nyingi hufundisha matangazo kwa sababu matokeo huonekana upesi. Ndiyo, hata hasara huonekana upesi. Kwa bidhaa za kamisheni ndogo anayeanza aandike, avute wasomaji wanaotafuta wenyewe.

Kabla ya kuandika neno la kwanza yapo ya kuangaliwa bila kutoa senti. Fungua Google Trends uone kama watu wanakitafuta hicho kitu, na wanakitafuta lini. Kwa ziara za Zanzibar jambo la msimu ni kubwa: wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kuanzia Disemba hadi Februari, na masika hupungua sana. Anayejaribu Aprili akakata tamaa hajaupima uwanja, amepima mvua. Kisha andika swali la mgeni kwenye Google usome kurasa za mwanzo. Ukikuta zote ni kampuni kubwa, punguza swali mpaka ufike pale ambapo majibu yaliyopo ni ya juu juu: si ziara za Zanzibar, bali ziara ya viungo pamoja na watoto wadogo, au Changuu kwa mtu asiyeweza kutembea sana.

Soma pia masharti ya malipo, hasa haya: alama ya kiungo chako inadumu muda gani (kwa Amazon kwa kawaida ni saa 24, kwa kampuni za ziara huweza kufika siku 30), kiwango cha chini cha kulipwa ni kiasi gani, na pesa inafikaje Tanzania. Kamisheni isiyoweza kufika kwenye akaunti yako ni namba kwenye kioo tu. Kampuni za ziara kwa kawaida hazilipi ziara iliyofutwa, basi usihesabu pesa siku ya mauzo. Na kwa kuwa Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, ambazo wakati huo zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 mwaka wa kwanza na baadaye zikarekebishwa, aulize TCRA hali ya sasa ilivyo kabla ya kufungua tovuti. Ada kama ipo ni sehemu ya gharama.

Jaribio lenyewe liwe na mwisho. Sisi tunapendekeza kurasa 10 hadi 15 zilizoandikwa vizuri na miezi 6, kwa sababu Google huchelewa kuiamini tovuti mpya. Ile miezi mitatu ya kurudisha pesa hatuoni imetoka wapi. Kila wiki aandike daftarini wasomaji, mibonyezo, mauzo na matumizi, na daftari hilo likae mezani ndugu na wazee walione. Asijibonyeze mwenyewe wala asiwaombe marafiki wambonyezee: ni kuvunja sharti la kampuni, na hata pasipo sharti anajidanganya nafsi yake.

Lini aamue? Hapa wengi hukosea kwa pande zote mbili. Mibonyezo 20 bila mauzo haikwambii kitu. Ikiwa kweli wanaonunua ni 2 katika kila 100, nafasi ya watu 20 kupita bila hata mmoja kununua ni karibu theluthi mbili, jambo la kawaida kabisa. Lakini ikipita mibonyezo 150 bila mauzo, nafasi ya hilo kutokea kwa bahati mbaya imeshuka chini ya 5 katika 100. Hapo ni haki kusema kwamba hiyo 2 katika 100 haipo. Vilevile mauzo mawili ya wiki ya kwanza yasimtoe mtu akili akaomba kiwanja kiuzwe. Na kama baada ya miezi 6 hata hiyo mibonyezo 150 haikufika, jibu limekuja kwa njia nyingine: wasomaji hawapo, au kurasa hazijawafikia. Abadilishe uwanja au aache.

Wengine hutuambia wameshaswali istikhara. Vizuri sana. Istikhara ni kumtaka Allah (s.w.) kheri katika jambo ulilolichunguza na kulishauriana, wala haikuondolei daftari.

Kuhusu bangili

Jaribio kama hili hugharimu jina la tovuti, mahali pa kuihifadhi na bando. Kijana anaweza kulipa kwa kazi ya mikono ya wiki chache. Kozi ya gharama haihitajiki kabla ya jaribio, kwani yanayofundishwa mwanzoni yapo bure. Uwanja ukithibitika kwa daftari, ndipo familia izungumze mtaji.

Ikifika hapo, dhahabu ni mali ya mama peke yake, si ya mume wala ya watoto, na hapana dhambi juu yake akikataa. Akikubali, aseme ni kwa mkataba gani na iandikwe mbele ya mashahidi, kama Surat al-Baqara aya ya 282 inavyoelekeza katika madeni. Ikiwa ni karadha, kijana atairudisha kama ilivyo, apate asipate, na mama hana haki ya ziada. Ikiwa ni mudharaba, watagawana faida kwa fungu watakaloafikiana tangu mwanzo, na hasara isiyo ya uzembe ni ya mtaji wa mama, kijana akikosa ujira wa kazi yake. Haijuzu kumwekea sharti arudishe mtaji kwa hali yoyote. Ikiwa ni zawadi, basi awaangalie na watoto wengine, kwa ile hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.) kuhusu uadilifu baina ya watoto. Kwa madhehebu yetu mzazi anaweza kuirejesha zawadi aliyompa mwanawe maadamu ingali mikononi mwa mtoto. Iliyokwisha kulipiwa kozi haipo tena mikononi mwake.

Wallahu a'lam.