Ngano Katika Chumba Kimoja: Usimulizi kwa Watoto Mitaani Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, iliyotolewa katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi alisisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Hoja hiyo inazua swali: mahali na wakati vinapobadilika, je, ngano anayosimuliwa mtoto nyumbani hufa, au huzaliwa upya? Makala hii inalichunguza swali hilo kwa kuzingatia mitaa ya Eastlands, na inadai kwamba kinachoitwa kufifia kwa ngano mjini ni kuhama kwake.

Kutoka kwa Bibi hadi Chumbani

Miongoni mwa Wajaluo, watoto walisimuliwa sigana katika siwindhe, nyumba ya bikizee aliyeitwa pim. Miongoni mwa Wagikuyu, ngano zilitambwa jioni katika nyumba ya mama, kando ya moto, chakula kikingali jikoni. Jamii nyingi zilikuwa na mwiko wa kusimulia mchana, na mwiko huo ulilinda saa za kazi.

Mji wa kikoloni haukuyajali mazingira hayo. Sera ya makazi ilimchukulia Mwafrika kuwa mfanyakazi wa muda, mwanamume asiye na jamaa, ambaye alihitaji mahali pa kulala tu. Pumwani, mtaa ulioanzishwa mapema katika miaka ya 1920, ulikuwa na sura nyingine: Waafrika waliruhusiwa kujijengea nyumba, baadhi ya wanawake wakawa wenye nyumba, na Kiswahili kikawa lugha ya wapangaji waliotoka kila upande. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo iliyokusudiwa familia. Mitaa kama Bahati, Ofafa na Maringo ikafuata, na katika miaka ya 1970 ikaja Buruburu, Umoja na Dandora.

Kwa hiyo mtoto alikuja mjini, lakini mara nyingi bibi alibaki shambani. Hapa ndipo penye badiliko kuu. Fanani akawa mama, dada mkubwa au yaya. Siwindhe ikawa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Saa ya kusimulia ikawa ile iliyobaki kati ya kuinjika sufuria na kulala. Na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, watoto wa jirani nao wakawa sehemu ya hadhira.

Zimwi na Wimbo

Hadhira hiyo mchanganyiko ndiyo iliyoigusa lugha ya ngano. Kiumbe mla watu huitwa irimu kwa Kigikuyu, eimu kwa Kikamba, linani katika Kiluhya, na Apul-Apul kwa Kijaluo. Mama anayezungukwa na watoto wa nyumba tatu hana budi kuchagua, na Kiswahili humpa neno zimwi. Uteuzi huo si wa maneno tu. Zimwi la mtaani halina tena msitu wala mto unaojulikana kwa jina. Mtoto hulijengea makao kutokana na anachokijua: gizani, kando ya reli, ng'ambo ya Mto Nairobi.

Wimbo, hata hivyo, hauhamishiki kwa urahisi. Toni, mapigo na viitikio vyake vimeshikamana na lugha ya asili. Ndiyo maana masimulizi yanaweza kwenda kwa Kiswahili, na wimbo ukabaki katika lugha ya mama, ukiitikiwa na watoto wasioielewa.

Mhakiki anaweza kuona hapo dalili ya kuharibika. Historia inamkanusha. Edward Steere, alipochapisha Swahili Tales mwaka 1870 kutokana na hadithi alizozikusanya Unguja, alieleza katika dibaji kwamba hadithi hizo zilikuwa na nyimbo, na kwamba baadhi ya nyimbo hizo hata waimbaji wenyewe waliweza kwa shida kuzifafanua maana. Unguja nayo ilikuwa bandari ya watu waliotoka pande nyingi. Basi ngano ya Kiswahili iliyohesabiwa kuwa safi ilikuwa tayari imepitia mchanganyiko wa mji. Eastlands imerudia jambo la zamani.

Hitimisho

Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba fasihi ya Kiafrika, ikiwemo ile simulizi, iwe kiini cha masomo katika chuo kikuu cha Nairobi. Ushindi wao ulizaa utafiti mwingi wenye thamani. Lakini tazama majina ya vitabu: Kikuyu Folktales (1970), Oral Literature of the Maasai (1983), Gikuyu Oral Literature (1988). Ngano imepangwa kwa kabila, na kabila limefungwa shambani. Mtoto wa Maringo ambaye mama yake ni Mluhya na baba yake ni Mkamba, aliyeisikia hadithi yake kwa Kiswahili, atajitafuta katika kitabu kipi?

Mwanafunzi wa mjini hutumwa akamwulize bibi yake ngano, kana kwamba nyumbani kwao hamna fanani. Wajibu wa watafiti ni kubisha hodi pia katika chumba hicho, na kuzinakili ngano kwa mtaa na kwa nyumba, pamoja na nyimbo zake zisizoeleweka. Mama aliyesimulia jioni hiyo hakuwa akihifadhi utamaduni wa mwingine. Alikuwa akitunga wa wanawe.