Sauti Mbili, Jina Moja: Santuri ya Kamaru na Muthoni na Hadhira ya Embu na Meru

Makala haya yanadhamiria kuchunguza swali moja: katika wimbo wa sauti mbili, matini ni ya nani? Wahakiki wa ushairi andishi humtafuta mtunzi. Katika fasihi simulizi, hata hivyo, fanani ni sehemu ya matini, na santuri imesimama kati ya tanzu hizo mbili.

Mwaka 1970 Paul Simon na Art Garfunkel wa Marekani walitoa albamu ya nyimbo 11, Bridge over Troubled Water. Wimbo uliolipa jalada jina lake ulitungwa na Simon, lakini sauti inayoubeba ni ya Garfunkel. Mtunzi na mwimbaji walitofautiana. Majina yote mawili yalibaki jaladani.

Katika nchi ya Mlima Kenya historia ilichukua mkondo mwingine. Mwaka 1967 Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, Murang'a, alipata umaarufu kwa wimbo wa Kikuyu, "Celina", alioimba na dada yake, Catherine Muthoni. Chombo cha biashara wakati huo kilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45, yenye takriban dakika tatu kila upande. Ufinyu huo una athari ya kifani: masimulizi marefu hayana nafasi, ilhali sauti ya mwanamume na ya mwanamke zikikutana, nafsi mbili huumbika papo hapo. Kwa kuwa waimbaji ni kaka na dada, mhakiki anaonywa pia asimchanganye mwimbaji na nafsineni.

Suala hili linadhihirika zaidi mtu akivuka kwenda Embu na Meru. Katika uainishaji wa Guthrie, Kikuyu ni E51, Kiembu E52 na Kimeru E53. Ni lugha za kundi moja, ingawa Kiembu kinakaribiana na Kikuyu kuliko Kimeru. Kwa hiyo wimbo uleule unaweza kupokelewa Embu kwa maneno yake, na Meru kwa lahani na mwitikio kabla ya maneno. Kadiri msikilizaji anavyokuwa mbali na lugha ya mtunzi, ndivyo anavyotegemea sauti. Na hapo mchango wa Muthoni unakuwa mkubwa zaidi.

Kumbukumbu haikufuata mantiki hiyo. Bendi moja ya Kamaru iliitwa Kamaru Celina Band: mtunzi yumo, mhusika yumo, mwimbaji mwenza hayumo. Kamaru alipofariki Oktoba 2018, aliombolezwa kama gwiji wa pekee.

Kwa kuhitimisha, santuri hizi hazina budi kuhakikiwa kama utendaji, si kama maneno yaliyonakiliwa tu. Mtafiti akusanyaye nyimbo Embu na Meru anapaswa kuandika jina la kila sauti. Asipofanya hivyo, atakuwa ameihifadhi nusu ya matini na kuiita nzima.