Mzigo na Mwenyewe Katika Pwani ya Tanga

Safari ina kufika mara mbili: kufika kwa msafiri, na kufika kwa mzigo wake. Mawili haya yakitukia pamoja hayatajwi. Yakiachana, kufika kwa mtu huwa nusu ya kufika. Historia ya pwani ya Tanga ni shahidi mwema, maana huko mtu na mzigo wake waliachana hatua kwa hatua.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe iliondoka Pangani ikielekea Usambara, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Nguo za kufanyia biashara zilifungwa mitumba, na kila mtumba ulikuwa na mpagazi wake. Neno hilo limedumu: mitumba ya leo ni nguo kuukuu, lakini ya zamani ilikuwa mizigo ya mabega ya watu. Kazi hiyo ilikuwa ya dhiki kuu, wala haifai kutamaniwa. Hata hivyo ilikuwa na jambo moja jema: mizigo ilikusanywa kambini, na aliyepotelewa alijua mapema, tena alikuwa na mtu wa kumwuliza.

Reli ilibadili desturi. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Moshi 1911. Mzigo ukaanza kusafiri peke yake ndani ya behewa, na mwenyewe akabaki na stakabadhi mkononi. Bandarini mambo yalikuwa karibu na hayo. Meli kubwa zilitia nanga mbali na gati. Shehena ikateremshwa katika matishari, kisha ikapakuliwa mara ya pili pwani. Hali hiyo iliendelea mpaka kazi za kuongeza kina na kujenga gati, zilizoanza 2019, zilipoziwezesha meli kufunga gatini. Kati ya mzigo na mwenyewe alisimama karani wa forodha. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alitumika katika forodha tangu 1926 hata 1944, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake.

Ndege imekamilisha utengano huo. Mkataba wa Montreal wa 1999 humpa msafiri siku 21 za kulalamika tangu apokee mzigo uliochelewa. Sheria hiyo yaweza kufidia hasara; haiondoi fadhaa ya kusimama mbele ya ukanda mtupu bila habari.

Husimuliwa kwamba huko Houston, Marekani, wasafiri walinung'unikia kungoja mizigo. Wakuu wa uwanja wakawarefushia njia ya kutembea, na manung'uniko yakapungua. Hila hiyo ina akili, kwani mguu unaokwenda hauhesabu dakika. Lakini haimfai ambaye mzigo wake haukupakiwa: atembee mwendo wowote, mwisho wake ni ukanda mtupu.

Tangu Juni 2018 mashirika yaliyo katika chama cha IATA yametakiwa kufuatilia kila mzigo unapopakiwa, unapohamishwa na unapofika. Basi habari ipo. Linalobaki ni kumpa mwenyewe kabla hajasimama kungoja bure, kumwonyesha mtu mmoja wa kumjibu, na kumpelekea mzigo mpaka kwake, awe Pangani au Lushoto. Kuchelewa ni ajali ya safari; kunyimwa habari ni tendo la mtu. Ajali husamehewa, na tendo huulizwa.