Pumba Iliyotupwa

Kila siku tunaona mama zetu wakipepeta mchele katika ungo. Mchele unabaki, pumba inakwenda kwa kuku. Tunafikiri kwamba kilicho cheupe ndicho chakula, na kinachotupwa hakina kazi. Zamani watu wa elimu nao walifikiri vivyo hivyo, na kosa hilo liliua watu wengi katika nchi za Asia. Habari yenyewe ndiyo hii.

Zamani huko Asia wanawake walitwanga mpunga katika kinu, kama kwetu, na punje ilibaki na sehemu ya ngozi yake nyembamba. Katika miaka iliyofuata 1870 mashini za moshi zilienea, zikaikoboa punje hata ikang'aa. Watu waliupenda mchele huo, maana ni mweupe tena haupesi kuharibika ghalani. Lakini ugonjwa wa beriberi ukazidi. Miguu ya mgonjwa inakufa ganzi na kukosa nguvu, pengine mwili unavimba, halafu moyo unashindwa. Waliopatwa zaidi walikuwa askari, wafungwa na mabaharia, watu wasiojichagulia chakula. Hata watoto wachanga walikufa, maana maziwa ya mama aliyekula mchele huo tu yalikosa nguvu.

Katika mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilituma waganga kisiwani Java kuchungua ugonjwa huo. Mmoja wao, Christiaan Eijkman, alibaki Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta. Siku zile elimu ya mikrobi ilikuwa mpya, na kila mganga alitafuta mikrobi. Eijkman alitia kuku damu ya wagonjwa. Kuku wakaugua, wakayumba na kuanguka. Lakini na wale wasiotiwa kitu wakaugua pia! Kisha, katika mwaka 1889, wote wakapona ghafula. Sababu gani? Mtumishi alikuwa amewalisha wali uliosalia katika jiko la hospitali ya askari. Akaja mpishi mpya, naye akakataa kutoa chakula cha askari kwa kuku wa raia. Basi kuku wakarudia mpunga wao usiokobolewa, wakapona. Eijkman akajaribu tena na tena: mchele mweupe ulileta ugonjwa, pumba iliuondoa.

Rafiki yake Vorderman akachungua nyumba za wafungwa 101 kisiwani Java. Katika nyumba 37 wafungwa walikula mchele wenye ngozi yake, na beriberi ilionekana katika moja tu. Katika nyumba 51 walikula mchele mweupe, na ugonjwa ulikuwa katika 36. Nyumba 13 zilichanganya mchele wa namna mbili, na 6 zilikuwa na ugonjwa.

Hata hivyo Eijkman alikosa jambo moja. Alidhani mchele una sumu, na pumba ni dawa yake. Mwenzake Gerrit Grijns alieleza katika mwaka 1901 kwamba hakuna sumu. Kuna kitu cha lazima kwa uzima kilichotoka pamoja na ngozi. Alikiona kitu hicho katika choroko pia. Baadaye Eijkman mwenyewe alikubali. Katika mwaka 1912 Casimir Funk alivipa vitu vya namna hiyo jina la vitamini. Katika mwaka 1926 Jansen na Donath, huko huko Batavia, walikitoa katika pumba kikiwa safi, na katika mwaka 1936 Robert Williams wa Marekani alijua kukitengeneza. Leo kinaitwa vitamini B1. Eijkman alishiriki zawadi ya Nobel ya mwaka 1929.

Lakini ajabu yenyewe ni hii: wakulima wa India tangu zamani walikuwa na desturi ya kuchemsha mpunga ungali na maganda, kuuanika, kisha kuukoboa. Maji ya moto yanaipeleka vitamini ndani ya punje, na mashini haiwezi kuitoa yote. Watu hao hawakujua jina la vitamini, lakini mchele wao uliwakinga.

Na sisi huku Kongo tunaula mchele. Wafanya biashara wa pwani waliuleta Maniema, kule Nyangwe na Kasongo, katika karne ya 19. Hatusemi mashini ni mbaya. Imeondolea mama zetu mizigo mikubwa. Bali tuitumie kwa akili. Mchele usikobolewe kupita kiasi. Usioshwe mara nyingi, wala maji uliopikiwa yasimwagwe, maana vitamini hiyo inakwenda na maji. Tena wali usiliwe peke yake kila siku: tuutie maharagwe, choroko au karanga. Aliye na mama anyonyeshaye nyumbani akumbuke hayo kwanza.

Bwana wetu alipowashibisha watu wengi jangwani aliagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu. Mwumba alitia uzima katika ngozi nyembamba ya punje, na wenye elimu walihitaji miaka mingi, tena kuku wagonjwa na mpishi mwenye choyo, ili wauone. Basi tusikidharau upesi kitu kwa sababu si cheupe.