Kilumi cha Wakamba: Muziki wa Kale baina ya Uwanja na Maktaba

Huko Ulaya, mfufuzi wa muziki wa kale huanzia kwenye karatasi. Katika kitabu chake cha 1915, Arnold Dolmetsch alizichambua nota na miongozo ya karne ya 17 na ya 18 ili airejeshe sauti iliyokwisha kunyamaza. Kathiani, Machakos, mambo ni kinyume: ngoma za Wakamba zilirithishwa bila nota, kwa mkono na sikio.

Maandishi yalikuja baadaye. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyetafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, alichapisha nyimbo, vitendawili na methali mwaka 1934. Paul Kavyu aliufanya muziki wenyewe kuwa kiini cha uchunguzi katika vitabu vyake vya 1977 na 1986.

Tatizo la kihakiki hudhihirika katika kilumi. Katika muktadha wake wa asili, ngoma hii huchezwa kuombea mvua na kuponya. Urefu wake huamuliwa na aimu, yaani pepo za wahenga, wanapompanda mchezaji. Ipandishwapo jukwaani katika tamasha la muziki, hupewa dakika chache, na jamii iliyoshiriki pamoja hutengwa kuwa fanani na hadhira. Midundo huweza kubaki sahihi, ilhali sababu ya kuipiga imetoweka.

Kwa hiyo, anayerekodi kilumi hana budi kurekodi pia ukame, ugonjwa na ombi vilivyoiita. Mpigaji mkongwe akifa kabla ya kuulizwa hayo, hapana karatasi ya kurejelewa.