Yule Dada Aliuza Jiwe Gani?

Kuna wimbo wa zamani wa Ayalandi unaitwa Siúil a Rún. Anayeimba ni msichana ambaye mpenzi wake ameenda Ufaransa kuwa askari. Beti ni za Kiingereza, kiitikio ni cha Kiayalandi. Na kuna neno moja linasumbua watu: msichana anasema atauza "rock" yake ili amnunulie mpenzi upanga.

Sasa, uliza yeyote aliyesoma Kiingereza cha shule, atakwambia "rock" ni jiwe. Nani ananunua jiwe? Waimbaji wengine wakaona haileti maana, wakaimba "rod", yaani fimbo. Na kwa sababu kitu kinachofuata ni "reel", ungedhani huyu dada alikuwa mvuvi wa ndoano!

Kumbe "rock" hii ni neno jingine kabisa, la kale. Ni ile fimbo ambayo msokotaji anaifungia kitani au sufu, kisha anavuta kidogo kidogo na kusokota uzi. Wajerumani mpaka leo wanaiita Rocken. Uingereza tarehe 7 Januari iliitwa Rock Day, siku wanawake waliporudi kusokota baada ya sikukuu za Krismasi. Na "reel" ni kifaa cha kuzungushia uzi ukishasokotwa. Cha tatu anachouza ni gurudumu lenyewe la kusokotea, na analo moja tu.

Hapo ndipo wimbo unafunguka. Si vitu vitatu vya ovyo ovyo, ni kazi nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kusokota ndiko kulikowapa wanawake wengi wa Ayalandi pesa mkononi. Ndiyo maana mbele kidogo anasema atazunguka akiomba mkate. Ukiweka jiwe, hiyo njaa inakuwa imetoka wapi? Mama aliyeuza cherehani yake njiani ataelewa bila kufafanuliwa.

Wengi huuhusisha wimbo huu na mwaka 1691. Jeshi la Mfalme James II lilishindwa, na Mkataba wa Limerick ukawaruhusu askari wake kwenda Ufaransa. Maelfu walipanda meli pamoja na kamanda wao, Patrick Sarsfield. Watu wakawaita Mabata Bukini wa Porini. Mkataba uliruhusu hata familia kusafiri, lakini wanahistoria wameandika kwamba pale Cork wanawake na watoto wengi waliachwa ufukweni.

Kiitikio nacho kina fumbo lake. "Rún" ni siri, na ndilo neno la kumwita mpenzi. Sisi tungesema mwandani, mtu wa ndani. "Siúil" ni tembea. Tembea uje au tembea uende? Wafasiri wamegawanyika. Mimi nasikia yote mawili: anamwachia aende huku anamwita arudi.

Wimbo ulivuka bahari hadi Marekani, ukajulikana kama Johnny Has Gone for a Soldier. Huko kiitikio kiligeuka sauti tu, watu wakaimba Kiayalandi bila kukijua. Ila mahali pa "rock", wengi wao huimba kwamba anauza kitani chake na gurudumu lake. Aliyebadilisha hapo hakudhani ni jiwe.