Jinsi Watu Walivyojifunza Kuhesabu Damu

Ninyi mlio darasani na karatasi hii mikononi, kiongozi wenu na aandike ubaoni maneno haya manne: chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani, hemoglobini. Tutayahitaji mpaka mwisho wa somo.

Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Hata karatasi ya majibu unayopewa hospitalini baada ya kupimwa damu ina historia yake. Namaanisha karatasi ya kipimo kiitwacho picha kamili ya damu, yenye safu za namba na herufi. Watu wengi huiogopa. Wakiona namba imetiwa alama, hudhani wamekwisha kuhukumiwa. Wengine huiamini kupita kiasi. Wasipoona alama hurudi nyumbani, hata kama mwili unawaambia vingine. Basi leo tutazame namba hizo zilitoka wapi, ili ujue zaweza kukuambia nini, na haziwezi kukuambia nini.

Kwanza watu waliona

Kwa macho matupu damu ni maji mekundu tu. Lakini katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, alikuwako mfanya biashara wa nguo, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Hakusoma chuo kikuu, ila alikuwa hodari wa kusugua vioo vidogo vya kukuzia vitu. Mwaka 1674 alitazama damu ya mkono wake mwenyewe, akaona vitu vidogo vya mviringo vikielea. Akawaandikia wataalamu wa London habari hizo. Vitu hivyo ndivyo tunavyoviita chembe nyekundu. Kazi yake ni kuchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima.

Kisha wakahesabu

Lakini kuona si kuhesabu. Ilipita miaka 178 kabla mtu hajatangaza hesabu ya chembe hizo. Mtu huyo alikuwa Karl Vierordt, wa mji wa Tübingen, Ujerumani. Mwaka 1852 alipima damu kidogo sana kwa mrija mwembamba wa kioo, akaitandaza, akahesabu chembe moja moja kwa hadubini, yaani chombo cha kuonea vitu vidogo. Akapata karibu milioni 5 katika milimita 1 ya ujazo. Ujazo huo ni kama kichwa cha pini! Ilikuwa kazi ya kuchosha sana, wala hakuna hospitali iliyoweza kuifanya kwa kila mgonjwa.

Mwaka 1877 Bwana William Gowers wa London alitengeneza kioo kilichochorwa miraba midogo. Damu ilichanganywa na maji ya dawa, ikatiwa juu ya miraba, na mpimaji akahesabu miraba michache tu, kama mkulima anayehesabu mashina ya mahindi katika matuta machache ili akisie shamba zima. Mwaka uliofuata akatoa chombo cha kupimia hemoglobini. Hemoglobini ndiyo rangi nyekundu iliyomo ndani ya chembe nyekundu, na ndiyo inayoishika ile oksijeni. Gowers aliilinganisha rangi ya damu ya mgonjwa na rangi ya mfano. Damu ikipauka, hemoglobini imepungua.

Wakati huo huo wengine walikuwa wakitafuta mambo mengine. Mjerumani Paul Ehrlich, mwaka 1879, alitia rangi za kiwandani katika damu iliyotandazwa juu ya kioo. Akaona kwamba chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, si za namna moja. Namna moja hupenda sana rangi iitwayo eosini, ikaitwa eosinofili. Chembe hizo mara nyingi huongezeka mtu akiwa na minyoo ya namna fulani. Naye Mwitalia Giulio Bizzozero, mwaka 1882, alieleza habari za chembe sahani, zile ndogo kabisa zinazoziba jeraha ili damu isimwagike.

Kisha ikaja mashine

Mmarekani Wallace Coulter alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1953. Mashine yake haina macho. Chembe hupita moja moja katika tundu dogo lenye umeme, na kila chembe ipitapo huuzuia umeme kidogo, mashine ikahesabu. Chembe kubwa huuzuia zaidi, kwa hiyo mashine hujua na ukubwa wake. Mwaka 1968 ilitoka mashine ya kampuni yake iliyotoa namba 7 kwa mara moja. Kazi iliyomchosha Vierordt sasa hufanywa kwa dakika chache.

Tazama karatasi yako. Herufi RBC ni chembe nyekundu, WBC ni chembe nyeupe, PLT ni chembe sahani, na HGB au Hb ni hemoglobini. Kwa kawaida mashine hufupisha. Ukiona chembe nyeupe ni 5.2, maana yake ni 5,200 katika milimita 1 ya ujazo. Pembeni utaona namba mbili za mpaka, ya chini na ya juu. Herufi L maana yake umeshuka chini ya mpaka, na H maana yake umepita juu.

Nani aliweka mipaka?

Hapa, wasikilizaji, ndipo penye jambo kubwa la somo hili. Mashine huhesabu tu, haijui kipi ni kingi na kipi ni kichache. Mipaka iliwekwa na watu. Mara nyingi wapimaji huchukua watu wengi wenye afya njema, huwapima, kisha huweka mipaka ili watu 95 katika kila 100 wawe ndani. Je, wale 5 waliobaki? Nao ni wazima, lakini karatasi zao zitatiwa alama. Kwa hiyo alama peke yake si ugonjwa.

Tena yafaa kuuliza: watu hao waliopimwa walikuwa wa wapi? Zamani daktari wa Kifaransa, François-Gilbert Viault, alipanda milima ya Peru mpaka mahali palipo juu ya bahari zaidi ya mita 4,000. Katika wiki chache hesabu ya chembe zake nyekundu ilipanda kutoka milioni 5 hadi karibu milioni 8. Hakuwa mgonjwa. Hewa ya mlimani ni nyepesi, na mwili hutengeneza chembe zaidi ili upate oksijeni ya kutosha.

Jambo hilo latuhusu sisi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu hemoglobini yake ikiwa chini ya gramu 12 katika desilita moja ya damu, na mwanamume ikiwa chini ya 13. Lakini kwa watu wakaao milimani mpaka huo hupandishwa. Basi mwanamke wa Tanga, pwani, mwenye 12.5 yumo ndani ya mpaka. Mwanamke wa milima ya Njombe mwenye 12.5 hiyo hiyo huenda akahesabiwa kuwa na upungufu. Namba ni moja, maana ni mbili.

Na chembe nyeupe? Mwaka 2009 watafiti walitangaza majibu ya damu za watu wazima wenye afya nzuri wa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Walikuta kwamba wengi wao wangehesabiwa kuwa na kasoro kama wangepimwa kwa mipaka ya Marekani. Mwaka huo huo wataalamu walieleza sababu mojawapo. Waafrika wengi wamerithi chembe nyekundu zisizo na alama fulani juu yake. Kukosa alama hiyo huwakinga na aina moja ya malaria, na urithi huo huo hupunguza namna moja ya chembe nyeupe zinazoonekana katika damu. Huo si ugonjwa, ni urithi wa mababu. Lakini fikiri hasara yake: mtu mzima aweza kuambiwa kinga yake ni dhaifu, au kupunguziwa dawa anayoihitaji, kwa kuwa amepimwa kwa kipimo cha watu wengine.

Kadhalika namba nzuri yaweza kudanganya. Mtu akitokwa na damu nyingi ghafula, chembe na maji hutoka pamoja, kwa hiyo saa za kwanza hemoglobini yaweza kuonekana haijashuka. Mtu aliyeharisha na kutapika damu yake huwa nzito kwa kukosa maji, na upungufu wa damu ukajificha. Wala hesabu ya damu haitoshi kuonyesha malaria. Malaria ina kipimo chake.

Basi tufanye nini?

Usiitupe karatasi, wala usiiabudu. Namba ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Mweleze daktari unakaa wapi, una mimba au huna, ulitokwa na damu lini, unatumia dawa gani. Tunza karatasi zako za zamani, kwa maana namba ya leo husemeka vizuri ikiwekwa karibu na namba ya mwaka jana. Na usinunue dawa dukani kwa sababu ya herufi H au L tu. Muulize daktari: "Namba hii kwangu mimi ina maana gani?" Kuuliza si ujinga. Leeuwenhoek, Vierordt na Viault wote walianza kwa kuuliza.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini ilipita miaka mingi kati ya kuona chembe nyekundu na kuzihesabu?

2. Mtu mwenye afya aweza kupata alama ya L katika karatasi yake. Eleza sababu mbili.

3. Jirani yako ameharisha siku mbili na amelegea, lakini karatasi yake haina alama. Anataka kurudi nyumbani. Utamwambia nini?